Kutoka wodini hadi sebuleni: mwongozo kamili wa misemo ya hospitali na ya ukarimu

Mtu aliyekulia Muscat, London au Toronto anaweza kukijua Kiswahili cha kitabuni barabara, akaja likizo Dar es Salaam, akaambiwa "shangazi kapewa kitanda", akauliza kanunuliwa na nani. Kumbe shangazi kalazwa. Hata aliyezaliwa Kariakoo hukwama akifika Unguja na kuambiwa kwamba jirani "hawezi", akasubiri amalizie: hawezi nini?

Misemo ya ugonjwa na ya ugeni haina darasa. Tunaiokota kwa kusikia, na asiyekuwepo ilipokuwa ikisemwa huikosa. Nimeiweka pamoja kwa sababu katika maisha yetu haitenganishiki. Aliyelazwa anapokea wageni kitandani, mgeni anapiga hodi wodini, na aliyeruhusiwa akifika nyumbani anakuta uani kumejaa watu wanaosubiri chai. Wahenga walishaziunganisha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwongozo huu unafuata mwendo wa tukio lenyewe, kuanzia simu ya kwanza hadi siku ya kuwashukuru wauguzi. Umeegemea Dar es Salaam na Zanzibar, na unagusa Kenya pale semi zinapoachana.

Hatua ya 1: Isikilize simu

Habari ya mgonjwa hupandishwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina neno lake. "Hajisikii vizuri" maana yake bado anatembea. "Anaumwa" ni jambo la kawaida, huenda ni malaria. "Yuko hoi" ameshindwa kuinuka. "Yuko taabani" familia imeanza kupigiana simu. "Mahututi" maisha yake yako hatarini. Ukisikia "hajitambui", amepoteza fahamu, na "yuko kwenye mashine" kwa kawaida maana yake anasaidiwa kupumua.

Kulazwa kuna majina kadhaa: kapewa kitanda, kawekwa wodini, kalazwa. "Katundikiwa maji" au "katundikiwa dripu" ni yuleyule mwenye chupa iliyoning'inia juu ya kichwa. "Kaongezewa maji" pia ni dripu, ila "kaongezewa damu" ni habari nyingine na nzito zaidi, kwani huenda ndugu wakaombwa kuchangia. "Kapigwa picha" ni eksirei. "Anasafishwa damu" ni mgonjwa wa figo. "Kapewa rufaa" amehamishiwa hospitali kubwa zaidi.

Visiwani na kwa wazee wa pwani, "hawezi" peke yake inatosha: fulani anaumwa. Huko utasikia pia "spitali", na "maradhi" mahali ambapo bara wangesema ugonjwa. Vijana wa Nairobi wanasema "hosi". Mkenya anadungwa sindano, Mtanzania wa bara anachomwa, Mzanzibari anapigwa, na dawa inayoingia ni moja.

Liko neno moja ambalo naomba ulizingatie kuliko mengine: kazidiwa. Mara nyingi lina maana ileile unayoisikia, kwamba hali imekuwa mbaya. Lakini ndugu wa mbali akipigiwa usiku na kuambiwa "mgonjwa kazidiwa, fanya uje", huenda mgonjwa ameshafariki, na waliopiga wanaogopa ulipokee neno hilo ukiwa peke yako barabarani. Si uongo wa kumdhulumu mtu. Ni namna ya kumsafirisha salama. Kwa hiyo ukiambiwa hivyo, usimbane anayepiga kwa maswali. Tafuta wa kusafiri naye, usiendeshe gari wewe mwenyewe, funga safari.

Anayemtunza mgonjwa naye ana misemo yake. "Nauguza" maana yake nina mgonjwa ninayemhudumia. "Nimeuguliwa" maana yake ugonjwa umeniingilia nyumbani, mtoto au mzazi kaanguka. Msemo huu unamtambua anayehangaika na thermosi ya uji asubuhi na jioni kuwa naye ana mzigo, na jibu lake ni "pole kwa kuuguza" au "pole na kuuguliwa". Wengi humpa pole mgonjwa na kumsahau huyu aliyelala kwenye kanga sakafuni. Usimsahau.

Hatua ya 2: Piga hodi wodini

Wodi si mtaa, japo haina mlango wa kugonga. Mwanamume akiingia wodi ya wanawake asimame mlangoni, aseme "hodi" kwa sauti ya kusikika, angoje. Sekunde chache hizo zinampa mama aliyekuwa akinyonyesha au akibadilishwa nguo nafasi ya kuvuta kanga. Wakijibu "karibu", ndipo aingie.

Kwa muuguzi sema, "Samahani sista, naomba kumwona mgonjwa wangu." Ndiyo, wako. Kwa lugha ya wodini mgonjwa ana wenyewe, na wewe ni "ndugu wa mgonjwa" hata kama ni jirani tu. Sista akiita "ndugu wa mgonjwa wa kitanda namba saba!" usikae ukingoja jina lako. Anakutafuta wewe.

Ukipita katikati ya vitanda, wasalimie na wasiokuhusu: "Poleni jamani." Yule wa kitanda cha jirani huenda hakupata mgeni tangu juzi. Na kama kuna mzee, salamu inatangulia pole: "Shikamoo mama. Pole sana." Atakuitikia "marahaba" hata kwa kunong'ona, maana ugonjwa haumwondolei mtu ukubwa wake.

Wodi ya wazazi ina kanuni tofauti. Bara, "mzazi" ni mwanamke aliyejifungua karibuni, ndiyo maana watu husema "tunakwenda kumwona mzazi". Huyu anapewa hongera kwanza, pole baadaye. Akiwa kajifungua kwa upasuaji, vyote viwili vinakwenda pamoja: "Hongera, na pole na kisu." Ndugu wakikutumia ujumbe kwamba "tumepata mgeni", usiulize anatoka wapi. Uliza, "Wa kike au wa kiume?"

Hatua ya 3: Kaa kitandani, sema machache

Ukimuuliza mgonjwa "hujambo?" atasema "sijambo", hata kama ana mirija miwili mwilini. Ni adabu yake, usidhani ni taarifa ya daktari. Afadhali uulize "Umeamkaje leo?" au "Usiku ulikuwaje?" Hapo atapata mlango wa kusema ukweli akipenda. Majibu yake nayo yana vipimo. "Afadhali" ni hatua ya kweli. "Hivyohivyo tu" hakuna mabadiliko. "Namshukuru Mungu", bila chochote kufuata, mara nyingi maana yake tuzungumze mambo mengine.

Pole ina majibu yake: "asante", au "nishapoa", ambalo wengi hulitamka nshapoa. Dua za kuaga hutofautiana. Kenya utasikia sana "ugua pole". Bara ya Tanzania ni "Mungu akuponye" au "utapona tu". Pwani na visiwani, "Mola akupe shifaa" au "Mungu akupe afueni". Chagua ile ambayo mgonjwa mwenyewe angeisema.

Sasa yale ya kuyaacha mlangoni. "Jamani umekonda!" Anajua, ana macho. "Hata mjomba wa rafiki yangu alianza hivihivi..." Simulizi hii huishia makaburini na wote kitandani wanalijua hilo kabla hujaifikisha. Na "daktari kasemaje?" ni swali la kumuuliza anayeuguza, nje, kwenye benchi, si juu ya kichwa cha mwenye maradhi. Ukitaka kumtia moyo tafuta jambo la kweli uliloliona na ulitaje: "Leo sauti yako ina nguvu," au "Naona uji umeumaliza."

Mkono mtupu si aibu, ila ukiweza beba kitu kinacholika: uji, supu, matunda. Mzazi hupelekewa mtori au uji wa pilipili manga. Fedha haitajwi kama fedha. Inaitwa "chochote", na hukabidhiwa kwa kificho cha heshima: "Hii ya maji," "Hii ya kununulia juisi," au kwa mzazi, "Hii ya sabuni ya mtoto." Kiasi hakisemwi na mpokeaji hahesabu mbele yako. Shika neno hili "ya maji", maana tutakutana nalo tena likiwa na sura nyingine kabisa.

Hatua ya 4: Mweleze daktari kwa vitenzi

Hapa ndipo misemo inapoweza kuokoa maisha, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya maumivu na kila kimoja kinamwambia daktari kitu. Tumbo linaweza kukata, kusokota, kuunguruma, kujaa gesi au kuwaka moto. Kusokota ni maumivu yanayokuja kwa mawimbi, yanabana kisha yanaachia. Kuwaka moto, hasa juu ya kitovu ukiwa na njaa, kunaelekeza kwingine kabisa. Kichwa kinagonga, au kinauma upande mmoja, au kinazunguka. Kifua kinabana, au kinachoma, au kinakwaruza. Ukisema tu "naumwa tumbo", umempa daktari kazi ya kubahatisha. Ukisema "linasokota tangu jana jioni, chini ya kitovu, na naendesha", umemfikisha nusu ya njia.

Kuendesha ni kuharisha, si kushika usukani. Na muuguzi akiuliza "umepata choo?" haulizi kama umeona msala uko wapi. Anataka kujua kama umekwenda haja kubwa. Jibu la kufaa ni "nimepata, laini", "nimepata, kigumu", au "sijapata tangu juzi". Baada ya upasuaji swali hili huulizwa na kurudiwa, na wapo wanaoona haya wakajibu "ndiyo" ili liishe. Usifanye hivyo. Kwao ni kipimo cha kujua kama utumbo umeamka.

"Homa" ni neno pana mno. Kwa mmoja ni mwili kuwa na joto, kwa mwingine ni kuugua kwa jumla. Eleza: mwili unachemka, au nasikia baridi na kutetemeka, au viungo vyote vinauma. Hali kadhalika "presha". Watu husema "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka", na dawa za hizi mbili haziingiliani, kwa hiyo "nina presha" peke yake haitoshi. "Nina sukari" ni kisukari. "Malaria imepanda kichwani" wengine huitumia kwa utani juu ya mtu anayezungumza ovyo, lakini kwa mtoto mwenye homa anayeweweseka au kupata degedege si utani hata kidogo. Huyo anatakiwa hospitali dakika ileile.

Kwa wanawake, lugha ya staha imejaa mafumbo, na mengine ni hatari yakieleweka vibaya. "Siku zangu" ni hedhi. "Siku zimepitiliza" ni kuchelewa. Lakini angalia hapa: "mimba ilitoka" na "alitoa mimba" zinapishana kidogo sana mdomoni, na ni mbali kama mbingu na ardhi. Ya kwanza ni msiba uliompata. Ya pili ni kitendo, na katika nchi zetu inaweza kumletea maswali ya sheria. Nimewasikia ndugu wakimsimulia muuguzi kwa haraka na kuchanganya. Sema "mimba iliharibika", haina utata.

Ukiona aibu kulitaja jambo kwa jina lake, usikae kimya. Anza na "samahani kwa lugha" kisha litaje. Madaktari wetu wanaijua ibara hiyo na hakuna atakayekucheka.

Hatua ya 5: Jua mahali panaposimama badala ya ugonjwa

Watu wetu hukwepa kutaja ugonjwa kwa kutaja hospitali. Dar es Salaam, "kapelekwa Ocean Road" maana yake ni saratani, kwa sababu taasisi ya saratani iko hapo, katika eneo la hospitali ya enzi za Wajerumani karibu na bahari. "Yuko MOI", yaani taasisi ya mifupa, ni mifupa, ubongo au mgongo, na siku hizi mara nyingi ni pikipiki: ndiyo sababu wodi za majeruhi katika miji mingi zimepachikwa jina la "wodi ya bodaboda". "Yuko JKCI", taasisi ya Jakaya Kikwete, ni moyo. Nairobi, "amepelekwa Pumwani", hospitali ya wazazi, kwa kawaida ni uchungu wa kuzaa, habari ya furaha.

"Muhimbili" yenyewe, hospitali ya taifa, ikitajwa na mtu wa mkoani, ina maana kwamba rufaa imefika juu. Ndani yake kuna Mwaisela, Kibasila na Sewahaji, na ukielekezwa kwa jina la jengo usidhani ni jina la daktari. Sewahaji inamkumbuka Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki 1897, ambaye alitoa mali yake kujengea wagonjwa hospitali. Napenda kwamba jina lake bado linatamkwa kila siku na watu wanaouliza njia.

Kisha kuna yale ambayo ningependa tuyaache. "Umetoka Mirembe?" Dodoma kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, na jina lake limekuwa tusi nchi nzima. Zanzibar wanasema Kidongo Chekundu. Kenya ni Mathari, iliyoanzishwa 1910. Kila anapotaniwa mtu kwa majina haya, kuna mama mwenye kijana anayesikia sauti, naye yuko palepale kwenye daladala, anasikia, anaamua kuendelea kumficha ndani badala ya kumpeleka akatibiwe. Sema "anasumbuliwa na afya ya akili" au "anatibiwa Mirembe" kwa sauti ileile ambayo ungesema "anatibiwa Bugando", hospitali ya rufaa ya Mwanza.

Hatua ya 6: Fumbua mafumbo, kisha uyaweke kando

Ugonjwa uliozaa misemo mingi kuliko wote ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na huko uliitwa Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani wakati huo. Jina rasmi likaja, ufupisho wa upungufu wa kinga mwilini. Mtaa ukaongeza ya kwake: "ana ngoma", "kakanyaga miwaya", "kagusa umeme". Vijana wa miaka ya tisini wakazichambua herufi za Kiingereza za ugonjwa huo kuwa "Acha Iniue, Dogedoge Siachi". Maneno hayo yalikuwa namna ya kuishi na hofu wakati hakuna dawa. Leo dawa zipo, anayezimeza vizuri anaishi na kuzeeka, na fumbo la umeme linamwambia kwamba ameshakufa. Ukimsikia mtu akisema "miwaya", uelewe anachosema, ila wewe sema "anaishi na virusi", au usiseme kabisa kama si habari yako kuitangaza.

Hatua ya 7: Itambue misemo ya wodini ikiwa mtaani

Hapa mambo ni mepesi. Timu ikifungwa mabao matano imepewa "dozi", na kesho yake magazeti yataandika kwamba "inauguza kichapo". Wiki ya watani wa jadi, Simba na Yanga, "homa ya pambano" inapanda. Biashara isiyolipa iko "mahututi" au "iko ICU". Kuambiwa ukweli mchungu hadharani ni "kupewa vidonge vyako", msemo unaopendwa sana na watu wa taarabu na mipasho. Na kitu unachokipenda kupita kiasi ni "ugonjwa wako": mtu akisema "pilau ndiyo ugonjwa wangu", mletee sahani. "Presha" ni wasiwasi wowote, kuanzia kodi ya nyumba hadi penalti ya dakika ya tisini.

Onyo moja tu. Misemo hii haina ubaya barazani, ila usiingie nayo wodini. Mbele ya mwenye dripu, "timu yetu iko ICU" haipendezi.

Hatua ya 8: Karibisha na karibishwa mgonjwa anaporudi

"Karuhusiwa." Neno hilo likifika mtaani, wageni wanakuja. Nyumba iliyotumia akiba yote hospitali inatakiwa kupika, na hapa misemo ya ukarimu inasaidia pande zote mbili zisiumizane.

Mgeni mwenye busara anaanza kwa kupunguza mzigo: "Sikai, nimepita tu kumjulia hali." Mwenyeji atajibu, "Kaa kidogo, unywe hata maji." Huu si ubishi. Kaa kidogo kweli, unywe maji, uondoke. Ukikaribishwa chakula usiseme "sitaki". Sema "ahsante, nimetoka kula sasa hivi", na ukisisitizwa, onja tonge moja. Pwani ukiwakuta watu wakila utaambiwa "karibu" au "bismillahi", nawe unaweza kujibu "starehe", yaani endeleeni, msiinuke kwa ajili yangu. Neno hilo moja linakataa chakula bila kumkataa mwenye chakula, na sijaona lingine linalofanya kazi hiyo vizuri kama hilo.

Kuondoka nako kuna utaratibu. "Naomba ruhusa," au kwa vijana, "Ngoja niwakimbie." Mwenyeji lazima aseme "mbona mapema?" hata kama umekaa tangu alasiri. Usirudi kukaa! Simama, agana, na kubali kusindikizwa mpaka njia panda. Pale njiani ndipo anayeuguza atakapokwambia yaliyomo moyoni mwake: deni la dawa, usiku usio na usingizi, ndugu asiyechangia. Mara nyingine ziara yote ilikuwa kwa ajili ya hatua hizo mia za mwisho.

Mgeni wa kulala ni habari nyingine. Kila mtu anaijua methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini haitamkwi mbele ya mgeni mwenyewe. Mgeni anatakiwa ajipe jembe mwenyewe: achote maji, afue mashuka ya mgonjwa, apokee zamu ya usiku. Binti akitoka mkoani kuja kuuguza baba, kisha akakaa sebuleni akiulizwa "utakula nini wifi?", methali inasemwa jikoni kwa sauti ya chini, na yeye ndiye wa mwisho kuisikia.

Hatua ya 9: Tambua chai isiyo chai

Nilisema tungekutana tena na "ya maji". Maneno yetu ya kumkirimu mgeni yameibiwa yakapelekwa dirishani, pale tunapoombea huduma. "Chai", "soda", "ya maji", "asante", na kwa Wakenya "kitu kidogo": yote ni maneno ya meza ya mgeni, na yote leo yanaweza kumaanisha rushwa. Mtu aliyekuja na mama yake kwenye toroli akiambiwa "vipi, hamna hata ya soda?" anajikuta anaona haya kukataa, kwa sababu tangu utotoni amefundishwa kwamba anayeombwa maji hakatai. Neno laini ndilo linalofanya kazi yote hapo.

Hata siasa zilishalijaribu hili. "Takrima" ni neno la heshima la kumkirimu mtu. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu wagombea kutoa takrima kwa nia njema, na neno likageuka mara moja midomoni mwa watu: pilau, khanga na fedha za kampeni zote zikawa takrima. Asasi tatu za kiraia zilikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikiuka Katiba, kwani vilimbeba mgombea mwenye fedha na kumwacha asiye nazo. Tangu hapo ukisema takrima mbele ya Mtanzania, wengi hutabasamu kwanza.

Dirishani fanya hivi. Ukiambiwa "toa ya chai", jibu kwa adabu na kwa lugha ya kazi: "Ni shilingi ngapi, na risiti natolewa wapi?" Neno risiti linalirudisha jambo mahali pake bila ugomvi, na mgonjwa wako bado yuko mikononi mwao, kwa hiyo ugomvi si wa kuutafuta. Kama ni malipo halali utaonyeshwa dirisha la malipo. Wakiendelea kukuzungusha, uliza mganga mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali, anakaa ofisi gani, au piga namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania, 113. Andika siku, saa, wodi na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, kwa kuwa "nilidaiwa soda" bila maelezo hakumsaidii mchunguzi.

Je, tusiwashukuru wauguzi kabisa? Tuwashukuru sana, wanakesha. Shukrani ya kweli ina alama zake: inakuja baada ya huduma, haikuombwa na mtu, inatolewa waziwazi na inaliwa na zamu nzima. Ndoo ya maandazi na chai ya maziwa iliyopelekwa wodini wiki moja baada ya mama kuruhusiwa, ikawekwa juu ya meza ya wauguzi na kila aliyepita akachukua lake, hiyo inaitwa chai na inanyweka.